Mlimani Idi, Nyumbani Saumu

Asubuhi ile Nunu alimuaga mama yake kwa kweli nusu. Na kweli nusu, jamani, ina madhara kuliko uongo mzima. Uongo mzima humkera mwenye kuusema mpaka akatafuta pa kuutua; kweli nusu humbembeleza, akalala nayo, akaamka nayo, mwisho akaiona kuwa ni kweli tupu.

"Mama, nakwenda mlimani kutazama ndege na kina Champa."

Kutazama ndege hakusingizia. Champa alikuwa jirani yao wa ukuta mmoja pale Northfield, bibi mstaafu aliyeongoza kundi la wazee wenzake. Kila majani yakianza kugeuka rangi walipanda vilima vya Lickey na darubini shingoni, kutazama ndege wahamao wakipita. Nunu alijiunga nao kwa mchezo, mchezo ukawa mapenzi. Alichokibakisha mdomoni asubuhi hiyo ni kwamba na Abdiaziz angekuwako huko.

Bi Aida alikuwa jikoni anachagua mbaazi za futari. Hakuinua uso.

"Na saumu yako unapanda mlima? Unatafuta nini huko, mwezi?"

"Ndege, mama."

"Mwezi wenyewe jana watu wazima wameukosa, weye utawapata ndege!"

Bi Aida alikuwa na hasira na mwezi tangu jana. Mawingu yalifunika mji wote wa Birmingham, hakuna jicho lililouona. Lakini simu zikalia kutoka Saudia, nusu ya watu wakafungua, nusu wakasema hapana, tunakamilisha thelathini. Basi Jumatatu ile, mtaa mmoja, nyumba hii inapika biriani na nyumba ya pili haijanywa maji. Bi Aida alikuwa wa kukamilisha. "Mie sifungui kwa simu," alisema. "Mwezi auone mtu ninayemjua, aape mbele yangu."

Na Bordesley Green, kwa kina Abdiaziz, ilikuwa Idi.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Bi Aida alikuwa amemkataa kijana huyo kwa miezi. Si kwa tabia, maana hakumjua. "Wasomali ni waja wema," alikuwa akisema, "lakini watu wa safari. Leo Nairobi, kesho Uholanzi, keshokutwa sijui wapi. Mie mwanangu mmoja." Nunu akalia, akanuna, akasusa kula, mpaka mama akalegea kidogo kama mlango uliovimba kwa mvua. Akasema: "Haya. Siku ya sikukuu waje wazee wake, wakae kwenye zulia langu, waseme neno lao. Nitawasikiliza. Wasipokuja, sikukuu haitokwisha kabla sijampigia simu shangazi yako Maskati nimwambie mwanawe Muzamil atayarishe safari ya kuja kukuoa."

Hapana aliyekumbuka siku ile kwamba mji huu huweza kupata sikukuu mbili.

* * *

Msitu ulikuwa umebadilika tangu wiki iliyopita. Miti mingine imegeuka rangi ya bizari, mingine rangi ya tende mbivu, na mingine, ile mirefu ya ukingoni, damu ya mzee tupu. Upepo ukipita, majani yanashuka taratibu, yanazunguka, hayataki kufika chini. Nunu aliwasalimu kina Champa pale kwenye kilele cha mlima, akasimama nao kidogo, akatazama saa, akatazama njia, akatazama saa tena. Halafu akasema anashuka kutazama ule mti wa matunda mekundu. Champa akamwambia kwa Kiingereza aende tu, ndege watakuwa hukohuko.

Abdiaziz alikuwa chini ya mti. Kanzu nyeupe ya Idi, juu yake koti zito jeusi, nywele zimekatwa jana. Udi wake ulimfikia Nunu kabla ya salamu. Moyo ukamruka, akasimama mbali naye kidogo, mikono mfukoni, asije akaitoa bila ya kujua.

"Idi mubarak," Abdiaziz akasema.

"Ramadhani karim."

Wakacheka wote wawili, lakini kicheko hakikwenda mbali.

"Umependeza," Nunu akasema, kisha akauma ulimi. Saumu ya tumbo ni nyepesi. Ya jicho nani anaiweza?

"Na wewe midomo imekauka."

"Ndiyo saumu hiyo. Umeisahau tangu jana?"

Mwaka uliopita, msimu kama huo, ndipo walipojuana hapohapo mlimani. Abdiaziz, dereva wa basi dogo la watoto wa shule, alikuwa amewaleta watoto kuokota majani. Nunu alikuwa kwenye simu, mama yake anamfokea kwa Kiswahili sauti ikitoka mpaka nje, na kijana asiyemjua akasema nyuma yake, "Mama anasema kweli dada, rudi nyumbani, mvua inakuja." Nunu akageuka. Ndiyo kugeuka huko mpaka leo.

"Nunu, sikiza," Abdiaziz akasema, uso umebadilika. "Wazee wako mjini. Wawili wametoka Uholanzi, mmoja Leicester. Wamevaa, wamekula, wananiuliza tunaenda saa ngapi."

"Mnakwenda wapi?"

"Kwenu! Si mama alisema siku ya Idi?"

"Abdi, kwetu leo si Idi."

"Najua. Lakini wanaondoka leo jioni. Sasa mimi nifanye nini, niwafunge kamba?"

"Wakija leo mama atawapa nini? Kwetu mgeni wa posa haondoki na kinywa kikavu. Leo hata hayo maji hakuna wa kuyashika."

"Hatutaki chakula. Tumeshiba."

"Ndiyo hivyo! Mtaingia kwake mmeshiba, mnanukia udi wa sikukuu, mchana wa Ramadhani. Ni kama mmemwambia saumu yake bure."

Abdiaziz akajikuna kichwa. "Kwani mwezi ni wangu mimi?"

"Wala si wa mama."

Juu ya miti ikapita sauti nyembamba, *tsiii*, kama mtu anavuta pumzi kwenye meno. Nunu akainua mkono. "Sikiliza! Ndio hao."

"Wale wa Norway?"

"Redwing. Wamevuka bahari usiku mzima. Wanakaa huku baridi yote, halafu wanarudi. Kwao wao huku ndiko kwenye joto."

"Wacha! Kuna kiumbe anakuja Birmingham kutafuta joto?"

Safari hii kicheko kilikwenda mbali. Ndege wakazunguka, wakataka kutua, wakaghairi, wakazunguka tena. Ni ndege wadogo, wa kahawia, hawana makuu. Mpaka wanyanyue bawa, hapo unaona wekundu kwa chini, kama hina ya bi harusi iliyofichwa na buibui.

"Mbona hawatui?" Abdiaziz akauliza.

"Wanaogopa. Wameshauona mti, wana njaa, lakini wanaogopa."

Wakatazamana. Nunu ndiye aliyeondoa macho kwanza.

"Lakini usijali," Abdiaziz akasema, sauti imechangamka. "Nimeshaanza vizuri. Asubuhi nilimtuma Ifrah kwenu na sinia."

Ifrah alikuwa dada yake mdogo. Nunu akamgeukia polepole.

"Sinia gani?"

"La Idi. Halua, sambusa, keki ya mama. Kwetu sinia la Idi halilali."

"Umempelekea mama yangu sambusa? Mchana huu?"

"Si mtakula magharibi? Na zimefunikwa, Nunu. Zimefunikwa vizuri."

"Zimefunikwa! Zilikuwa za moto?"

Abdiaziz akasema kwa sauti ndogo, "Za moto."

"Umeniua, Abdi. Umeniua na kunizika."

Akataka kushuka mbio wakati uleule, akashindwa. Miguu ilitaka kwenda, moyo ukataka kubaki. Abdiaziz akatoa mfukoni kipande cha halua kilichofungwa kwenye karatasi, akakiweka mkononi mwake. "Basi hii yako peke yako. Usile. Shika tu, ufungulie magharibi, ujue nilikukumbuka."

Nunu alijua ilimpasa kukataa. Hakukataa. Akaishika, na karatasi ilikuwa imeshalowa samli, ikamchirizikia vidoleni.

Hapo ndipo ndege wakaamua. Waliteremka wote kwa pamoja, mti ukajaa, matawi yakainama, matunda yakaanza kudondoka kama shanga zilizokatika uzi. "Tazama! Tazama, Abdi!" Nunu akanyanyua darubini, kidole kikateleza kwenye kioo, kioo kikaingia ukungu wa samli. Akataka kukifuta. Akapeleka kidole mdomoni, akakilamba.

Iliki.

Akasimama pale, kidole bado kipo karibu na mdomo. Utamu ulikuwa umeshashuka. Abdiaziz alikuwa anamtazama, hakuwa anatazama ndege tena.

"Nunu..."

"Usiseme kitu."

"Nunu!" Na hii haikuwa sauti ya Abdiaziz. Ilitoka juu, kwenye njia ya kilele.

Bi Aida alikuwa anashuka kati ya miti, buibui limeshika majani pindoni, viatu vya nyumbani miguuni, na mikononi amebeba sinia. Sinia zima, na mfuniko wake, kama linavyobebwa harusini. Ifrah alikuwa amemponyokea kwamba kaka yake yuko mlimani, naye akapanda nalo basi la Rednal, abiria wamekaa wananusa sambusa njia nzima. Kileleni alimuuliza Champa, na Champa, maskini, akamwonyesha njia kwa tabasamu.

Ndege wakaruka wote kwa mara moja. Mti ukabaki mtupu.

"Shikamoo mama," Abdiaziz akasema.

"Mie si mama yako bado."

Kijana akalidaka lile "bado" kama mtu aliyetupiwa kamba, lakini alikuwa na akili ya kunyamaza. Bi Aida akalitua sinia juu ya gogo, akapumua, akamtazama kuanzia nywele mpaka viatu.

"Ndiye huyu? Mzuri. Sikukatai uzuri. Na ndiye aliyeniletea harufu ya halua nyumbani, mimi nimekaa na saumu yangu, nakoroga mbaazi na ulimi umekauka?"

"Kosa ni langu, mama... Bi Aida. Sikukusudia vibaya. Kwetu sinia la Idi..."

"Kwenu! Kwenu mwezi unapigiwa simu. Kwetu mwezi unatafutwa." Akajipangusa jasho kwa ncha ya mtandio. "Sikiliza, baba. Nimetoka nyumbani na nia ya kukumwagia hili sinia miguuni. Lakini mlima mrefu, na mtu mwenye saumu akipanda mlima hufikiri. Nikasema, nikimkuta mwanangu amekula naye, mambo yamekwisha. Napiga simu Maskati leo, Muzamil aje. Maana msichana aliyefunguzwa saumu kabla ya ndoa, baada ya ndoa atafunguzwa nini? Lakini nikimkuta na saumu yake, basi nitajua kuna mmoja kati yenu aliye na akili. Na wazee wako waje magharibi, tufutari pamoja, wao waiite Idi, mie niiite futari. Mungu ndiye ajuaye."

Akamgeukia binti yake.

"Umekula?"

Nunu akaficha mkono nyuma. Halua ilikuwa mfukoni, aliisukuma humo aliposikia jina lake. Mkononi samli. Alipokuwa mdogo, Ramadhani, mama alikuwa akimwambia, njoo, fungua kinywa nikunuse, na hata akiwa amekula zabibu moja, mama alikuwa akijua.

"Sijala," akasema.

Akangoja aambiwe afungue kinywa. Hakuambiwa.

"Alhamdulillahi," Bi Aida akasema, na uso wake wote ukalegea, kama mtu aliyetuliwa mzigo asiousema. "Nilikuwa najua. Njia nzima nilikuwa najua." Akamwambia Abdiaziz, "Basi wapigie wazee wako. Magharibi."

Abdiaziz hakutoa simu. Alimtazama Nunu. Hakuwa na lawama machoni, wala hakumpa ishara yoyote. Alikuwa anangoja tu. Na Nunu akaona pale pale maisha yake yote yatakavyokuwa: mama akimwamini, mume akijua, na yeye katikati na kidole chake. Lipi lililo zito? Neno moja likimtoka, Muzamil anapanda ndege. Neno moja likibaki, anaolewa juu ya uongo wa iliki.

"Mama."

"Nini tena?"

"Nimelamba kidole."

Bi Aida akamtazama mkono.

"Kilikuwa na samli ya halua. Nilikuwa natazama ndege, nikakilamba."

"Kwa kusahau? Maana aliyesahau Mungu ndiye aliyemlisha, saumu yake iko palepale." Bi Aida alisema haraka, kama mtu anayemnyooshea mwenzake mkono asizame. "Sema, mwanangu. Ulisahau?"

Jibu lilikuwa jepesi. Lilikuwa limekaa ncha ya ulimi, pamoja na ule utamu.

"Sijui, mama. Kilipokuwa kinakwenda mdomoni... nadhani kulikuwa na kidogo nilikuwa najua. Sijui."

Upepo ukaja, majani yakashuka, mengine yakatua juu ya sinia. Bi Aida akaketi kwenye gogo pembeni yake. Alionekana mzee kuliko alivyofika.

"Hilo 'sijui'," akasema, "ndilo ninaloliogopa tangu ulipovunja ungo. Mtu hapotei kwa 'nataka'. Hupotea kwa 'sijui'. Anakwenda huku anatazama ndege, na mkono wake unafanya mengine."

Nunu akaanza kulia. Abdiaziz akapiga hatua, Bi Aida akamnyooshea kidole, kijana akarudi nyuma.

"Mimi ndiye niliyempa hiyo halua," akasema. "Kama kuna adhabu..."

"Adhabu gani? Mie ni kadhi?" Bi Aida akapangusa macho yake mwenyewe kwa siri, kwa nyuma ya kiganja. Kisha akasema, "Nikipiga simu Maskati leo, mwanangu hatosema 'sijui' tena. Atajifunza kusema 'sijala' na nikaamini. Hiyo ndiyo faida nitakayopata." Akainuka. "Leo hamji. Nyumba yangu leo ina saumu, na mmoja wetu yake imeingia mdudu. Mtakuja kesho, sikukuu ya kwetu."

"Wazee wanaondoka jioni," Abdiaziz akasema. "Wawili wanarudi Uholanzi, mmoja nyumbani kwake Leicester."

"Basi hao si wazee wa posa. Ni abiria."

"Nikija na mama yangu tu?"

"Mama yako akija nitamfungulia mlango, nitamkalisha, nitamlisha, na sinia lake nitampa mkononi likiwa na vyangu ndani. Lakini neno la posa kwetu linasemwa na mwanamume mzima mwenye mvi. Sikuutunga mie utaratibu huo. Nenda kazungumze na watu wako. Ukiweza kuwazuia wazee kwa siku moja, nitaamini utaweza kumweka mwanangu mahali pamoja."

Abdiaziz hakungoja. Akashuka njia ya chini mbio, kanzu imekunjwa kwa mkono mmoja, simu sikioni kwa mkono wa pili, mpaka miti ikammeza. Wakabaki na sauti yake tu. Alikuwa anazungumza Kisomali, na Nunu hakujua hata neno. Sauti ikapanda, ikashuka, ikabembeleza, ikakatika, ikaanza upya. Hakuweza kujua kama anashinda au anashindwa.

"Twende," Bi Aida akasema. "Futari haijipiki."

"Ngoja kidogo, mama. Kidogo tu."

Bi Aida akamtazama, akasonya, akangoja. Nunu alitembea mpaka kwenye mti, akarudi, akatembea tena. Ndege walikuwa juu wanazunguka, wamewaogopa, hawataki kwenda wala kutua. Chini sauti ikanyamaza. Ikanyamaza muda mrefu mno. Nunu akajishika kifua.

Kisha mtu akapiga ukelele kutoka bondeni, kwa Kiswahili cha Nairobi kilichopasuka kwa furaha:

"Mmoja anabaki!"

"Mmoja?" Bi Aida akapaza sauti, pindo la buibui mkononi. "Yupi?"

"Yule mzee wa Leicester! Amesema atalala kwetu!"

"Ana mvi?"

"Ako na upara!"

Bi Aida akafikiri, midomo imebana, mtu asijue anazuia nini. "Upara unafaa," akasema. "Posa si timu ya mpira."

Nunu akapasuka kicheko na machozi pamoja, akamkumbatia mama yake, na mama akamwacha, kidogo, kisha akamwondoa mabegani kwa mikono miwili na kumtazama usoni.

"Usicheke," akasema. "Una saumu ya kulipa."